Valizi Mbili Kando ya Mfereji wa Umbilo

Alhamisi, Agosti. Upepo tangu alfajiri, ule wa Agosti unaorusha makaratasi ya barabarani mpaka kwenye madirisha ya ghorofa ya tisa. Jua lipo, lakini leo halina kazi.

Sisikii kitu. Naandika hivyo mwanzoni kabisa ili nisije nikajifanya baadaye. Nilitegemea leo nitalia, nilikuwa hata nimeweka kitambaa mfukoni. Kimerudi kikiwa kikavu, kimekunjwa vilevile nilivyokikunja.

Asubuhi ya leo nimewasindikiza bibi yangu na watoto wangu wawili. Wanaenda Kanada. Mimi nimebaki, kwa sababu kwenye dosye, faili letu la ukimbizi, mimi si bwana wake. Mimi ni kaka yake.

Wenyeji wa hapa Albert Park, Durban, wakisoma hayo hawatashangaa. Huku kila mtu iko na dosye mbili, ya karatasi na ya kweli, na anayesema hana ndiye muongo kuliko wote. Lakini najua blogu hii wanaisoma pia watu wa mbali, basi ngoja nieleze.

Mama Héri, bibi yangu, alitangulia kufika Durban na mtoto wetu wa kwanza, Héritier, akiwa bado mgongoni. Mimi nilikuwa nimepotea njiani, miezi minane hakuna simu, hakuna habari. Kwenye foleni ya karatasi akinamama wenzake wakamshauri: dada, usiseme bwana iko njiani, sema amekufa, mjane na mtoto wanasaidiwa haraka. Na yeye, masikini, alikuwa ameshaanza kuamini kweli nimekufa. Akasema. Wakaandika. Siku niliyogonga mlango wake alilia mpaka majirani wakatoka, na tulipomaliza kushukuru Mungu tukakaa chini tukaulizana: sasa huyu maiti tutamweka wapi?

Tukaniweka kwenye ukaka. Tulidhani ni kwa miezi michache.

Baadaye Dorcas akazaliwa. Pale kwenye fomu ya kuzaliwa, sehemu ya baba, waliacha wazi. Mwaka mmoja wakaja watu wa mpango wa kupeleka wakimbizi Kanada kuuliza maswali nyumbani. Yule mama aliyekuwa akiandika alimuuliza bibi yangu baba wa huyu mdogo iko wapi, naye akajibu ni mwanaume mmoja tu, alipita. Dorcas alikuwa amelala mapajani mwangu wakati huo. Niliendelea kumpepea na gazeti.

Mtu atasema, si mngeenda mkasahihisha? Tuliuliza. Tuliuliza pasta, tukauliza bwana mmoja anayejua sheria. Wote jibu moja: ukigusa jina moja dosye nzima inarudi sifuri, na pengine inatupwa. Mjane hawezi kufufua bwana kwenye fomu. Na huku maisha si ya kungojea. Meza ya Mama Héri ya kusuka nywele imepinduliwa mara mbili na wasiotaka wageni, na mwaka jana alirudishwa mlangoni kwa kliniki na mtoto ana homa, eti waende kwao. Basi tukanyamaza, tukangoja.

Héritier ana miaka kumi na miwili. Yeye anajua. Tangu mdogo alijifunza kubeba majina mawili: Papa ndani, Tonton, yaani mjomba, nje. Mtoto mwenye akili, hakuwahi kukosea hata siku moja, na hilo ndilo lililokuwa likiniumiza. Lakini Dorcas ni wa miaka mitano. Mtoto wa hivyo huwezi kumpa siri, ni sawa na kuweka maji ndani ya kikapu. Kwa hiyo tulikubaliana, Mama Héri na mimi, tumpe jina moja tu. Godoro langu likahamia nyuma ya pazia. Mama Héri akaacha kuniita Papa Héri, akaniita Kaka hata tukiwa wawili, maana kuta za ghorofa hizi ni karatasi.

Dorcas hajui. Kwake mimi ni Tonton, ndugu ya mama, mtu wa baiskeli.

Baiskeli ndiyo kazi yangu. Napakia mizigo ya watu wanaohama, wanaofika, wanaofukuzwa kwenye chumba. Taxi za hapa hazitaki valizi kubwa, masanduku ya safari, na gari la kukodi si la kila mtu, basi wananiita mimi. Nimetoka Goma. Baba alikuwa mtu wa chukudu, lile gari la mbao la magurudumu mawili linaloshusha magunia ya viazi kutoka milimani, na mimi kupakia nilijulia hapo. Uzito wote ulale chini na nyuma. Usifunge na kamba, kamba inadanganya, funga na kauchu, yaani mikanda unayokata kwenye tyubu kuukuu. Inavutika, inakamata, ukipita shimoni inanyumbuka na kurudi mahali pake. Mbele, juu ya bomba la baiskeli, nimechomelea kiti kidogo. Hicho ni cha Dorcas, nampeleka nacho kreshi, shule ya chekechea, kila asubuhi.

Nilimpeleka, nataka kusema.

Walitakiwa kufika saa nne kwenye nyumba ya wageni moja upande wa Seaview, ambako wasafiri wanakusanywa kabla ya kupelekwa uwanja wa ndege. Mama Héri alitaka tuite gari moja, twende wote. Nikakataa. Nikamwambia valizi za watu baki nabeba kila siku, leo za kwangu zibebwe na dereva? Akaniangalia. Akasema, "Sawa, kaka. Lakini usichelewe, nakuomba." Yeye na Héritier wakapanda taxi na vile vifuko vya mkononi na karatasi zote. Dorcas akakataa taxi. Akajitupa chini pale mlangoni, akasema yeye anaenda na Tonton kwa baiskeli, na Mama Héri hakuwa na nguvu ya kubishana.

Valizi mbili, kilo ishirini na tatu kila moja. Tulizipima jana mara sita kwa mizani ya kuning'iniza. Zilizidi, tukatoa. Ndagala, wale dagaa wa kwetu, wakapunguzwa nusu. Vitenge vitatu vikatoka. Picha yetu ya ndoa haikuhitaji hata kupimwa, iko hapa ukutani nyuma ya kalenda.

Sipiti barabara kubwa nikiwa na mzigo. Malori ya bandarini hayana huruma na kila robot, taa za barabarani, unasimama na kuanza upya, mapaja yanakufa. Napita chini, kando ya mfereji wa Umbilo, ile njia nyembamba ya zege wanayopita watu wa manispaa wakija kutoa takataka. Ni tambarare. Upande mmoja kuta za viwanda, upande mwingine zege inateremka mpaka kwenye maji, maji yenyewe ya rangi ya chai iliyobaki kikombeni. Asubuhi kulikuwa na yangeyange wanne wamesimama majini, na kigari cha supermaketi kimelala ubavu kwenye mteremko. Mwanaume mmoja alikuwa anafua suruali. Alitusalimu, nikajibu "Sawubona, baba," kama siku nyingine zote.

Dorcas aliimba wimbo wa kreshi, wa Kizulu, ule wa kuhesabu vidole. Kichwa chake kilikuwa chini ya kidevu changu. Mama yake alikuwa amempaka mafuta mengi, ananukia nazi. Nilisema moyoni: huu ndio muda. Hapa hakuna mtu. Mwambie.

Niliandaa sentensi. Fupi, ya kumfaa mtoto. Nikasema nitamwambia tukifika chini ya daraja la reli, maana pale upepo unakatika atasikia vizuri. Tukafika. Tukapita. Nikasema basi daraja linalofuata.

Na kila nikifungua mdomo namwona getini kwenye nyumba ya wageni, mbele ya mama mwenye orodha ya wasafiri, akipiga kelele kwa furaha: Mama, Tonton ni papa yangu! Angesema. Namjua, ni mtoto anayetangaza hata akienda choo. Neno moja tu, na dosye ya miaka yote hiyo inafungwa mkononi mwa mtu, na watatu wanarudi Albert Park kwenye meza iliyopinduliwa. Kwa hiyo ili mwanangu afike, inabidi asinijue. Hesabu yenyewe ni rahisi. Nimeirudia mara nyingi mpaka imekuwa haina ladha.

"Tonton," akasema, "kule tunaenda iko mfereji?"

"Iko."

"Iko na baiskeli?"

"Iko mingi."

"Basi sawa. Utatubebea na kule."

Nilishuka, nikajifanya naangalia tairi.

Sasa lije lile ambalo sitamwambia mtu isipokuwa hapa.

Karibu na kona ambapo njia inainama kuelekea maji, upepo ulitupiga ubavuni. Valizi ya juu ilikaa vibaya. Kosa langu. Asubuhi, kwa mara ya kwanza tangu niijue kazi hii, nilikuwa nimefunga kauchu mara mbili badala ya mara tatu, sijui nilikuwa nafikiri nini, au sikuwa nafikiri. Ikateleza. Ikagonga zege, ikaanza kuteremka kwenye mteremko kwa tumbo, polepole, ikikwaruza, ikielekea majini. Ndani iko na makoti ya baridi ya watoto, viatu, Biblia ya mama yangu.

Nilikuwa nimeishika baiskeli. Ningeweza kuiegemeza ukutani haraka, nimshushe mtoto, nikimbie. Nilisimama. Niliitazama inavyokwenda. Na nilikuwa nataka iingie. Si kwa hasira. Nilitaka tu iingie, wachelewe, waseme haiwezekani leo, warudi nyumbani tukaanike makoti kwenye kamba ya ghorofa ya tisa.

Sekunde tano hivi. Pengine sita.

"Eish, Tonton!" Dorcas akapiga kelele. "Unaangalia tu? Si ukamate!"

Ilikuwa imekwama kwenye kile kigari cha supermaketi. Hatua mbili kutoka majini. Nikamshusha Dorcas, nikamkalisha ukutani, nikateremka kwa makalio mpaka kwenye valizi, nikaipandisha begani. Imechubuka upande mmoja, basi. Nikaifunga tena, kauchu mara tatu, mara nne. Dorcas alinishikia ncha ya mkanda kwa mikono miwili na ulimi nje, kama fundi. Kazi ilipoisha akanipigapiga mgongoni. "Pole, Tonton. Umejaribu."

Mtoto wa miaka mitano. Mungu wangu.

Tulifika saa nne kasoro kumi. Pale kulikuwa na familia nyingine mbili, Warundi, wamekaa juu ya mizigo yao kimya wakiwa na nguo za kanisani. Mama Héri alikuwa getini anapiga hatua huku na huku. Aliponiona akashika kifua. Kisha akaiona valizi iliyochubuka, akaniona magoti yenye vumbi la zege. Tumeoana miaka kumi na minne. Nadhani alielewa yote.

Yule mama wa orodha alikuwa mtu mzuri, mwenye sauti ya chini. Akaniuliza mimi ni nani. Nikasema ni kaka wa huyu. Akaniandika. Akasema watoto hawa wana bahati, si kila mtu anapata mjomba wa namna hiyo, wa kubeba valizi zote hizo kwa baiskeli kutoka mjini. Nikasema asante.

Nikasaini pia. Sehemu ya uhusiano niliijaza mwenyewe, kwa herufi nzuri za shule ya masista.

Kuagana kulikuwa kwa ndugu. Kaka hamshiki dada yake kwa muda mrefu mbele za watu. Nilimpa mkono, nikagusa bega lake, yeye akainamisha kichwa. Akasema, "Kaka, ubakie salama. Ukule, usisahau kukula." Nikamjibu waende na Mungu. Mkono wake ulikuwa na baridi na ulinibana sana, kucha zake bado zimeniachia alama hapa kwenye kiganja, nimeziangalia sasa hivi.

Héritier alinipa mkono kama mtu mzima. Hakuniangalia usoni. Alikuwa anatazama kola ya shati langu, akaivuta kidogo ikakaa sawa. Halafu akageuka kwenda kubeba kifuko cha mama yake.

Dorcas aliinua dole gumba. "Sharp, Tonton!" Akaingia ndani anarukaruka.

Hivyo tu. Dakika tano, labda sita.

Kurudi nilipita njia ileile. Baiskeli bila mzigo inanisumbua, usukani unakuwa mwepesi mno na upepo unakupeleka unakotaka. Mwanaume wa suruali alikuwa ameshaondoka. Sikufikiria kitu. Kuna mtu alinipigia simu kuhusu kitanda cha kupeleka mtaa wa Point, tukapatana kesho saa mbili. Nilimweleza vizuri kabisa, hata nilicheka alipotania. Ndiyo maana nasema sisikii kitu, na inanitisha kidogo. Baba alipokufa nilijigaragaza chini mbele ya watu. Leo nimefika nyumbani nimeosha sufuria.

Nimekuwa nikijiuliza kama ni mimi niliyefanya hivi kwa makusudi. Miaka mitano ya kumsikia mtoto wako akikuita Tonton, na wewe unaitika haraka, bila kuchelewa, kwa sababu ukichelewa kuitika mtu atagundua. Pengine mtu anayeitika hivyo kila siku moyo wake unaota sugu. Sijui. Mama Héri yeye alikuwa akilia bafuni akiwa amefungua bomba. Mimi nilijua, nikawa nasubiri amalize ili nioge.

Hilo nalo ni la aibu. Liandikwe.

Nilikuwa nataka kumalizia hapa, niweke entri hii, nilale mapema. Lakini simu imelia nikiwa naandika aya ile ya juu. Ni ujumbe wa sauti, umetoka kwenye simu ya Mama Héri. Sekunde kumi na tisa. Nilidhani ni yeye anasema wamefika uwanjani salama.

Ni Héritier. Ananong'ona, na nyuma yake kunasikika yule mwanamke wa spika anayetangaza ndege.

"Papa. Tumeshapita kule kwa paspoti, wametugongea muhuri, hapa hakuna mtu anatusikia Kiswahili. Nimemwambia Dorcas. Mama amekubali. Dorcas kwanza alicheka. Sasa hataki kukula, anauliza kitu kimoja tu. Anasema kama ni papa yetu, mbona alileta valizi zetu, ya kwake hakuileta?"

Nimeisikiliza mara nne. Mara ya nne nilikuwa sakafuni, sikumbuki nilivyokaa chini. Kifua kinauma kwelikweli, uchungu wa kushika kwa mkono, na natoa sauti ambayo jirani amegonga ukuta kuuliza kama niko mzima. Nimemwambia niko mzima. Naandika kwa kidole kimoja, samahani kama herufi zimekosewa.

Ndege yao inaondoka saa kumi na mbili. Sasa ni saa kumi na moja na robo. Nimeminya sehemu ya kurekodi mara tatu. Ya kwanza nilianza kumweleza kuhusu karatasi, nikafuta, mtoto hali karatasi. Ya pili nilisema nitakuja, nikafuta, kwa sababu sijui kama ni kweli, na uongo nimeshamlisha miaka mitano inatosha. Ya tatu ni pumzi tu.

Ya nne nimeituma kabla sijaogopa. Haina jibu la swali lake. Nimesema, "Dorcas, mwanangu, ni papa," halafu nikasikia nimefika mwisho wa maneno yote niliyonayo, nikaachia kidole.